"Funga Gesi" Maana Yake Nini? Uhakiki wa Tafsiri ya Maelezo ya Mashine za Chipsi

Kwa kawaida kurasa hizi hushughulika na istilahi za maofisini, za mahakamani na za darasani. Safari hii tumeona inafaa tuingie jikoni. Sababu ni kijikaratasi cha kurasa nne tulicholetewa na mfanyabiashara mmoja wa Jangwani, ambacho alikikuta ndani ya sanduku la mashine ya gesi ya kukaangia chipsi aliyoinunua katika duka moja la Kariakoo. Maelezo yameandikwa kwa lugha kadhaa, na Kiswahili ni mojawapo. Aliyetuletea hakuja kulalamika. Alikuja na swali moja tu: "Hapa wanaposema nifunge gesi, wanataka niifunge au niizime?"

Swali hilo ndilo chanzo cha uhakiki huu. Jina la kiwanda na la duka hatutayataja, kwani kusudi letu si kumshtaki mtu. Isitoshe, makosa tutakayoyaonyesha yamo katika tafsiri nyingi za aina hii, zikiwamo zile zinazopita mikononi mwa watumishi wa umma.

Yafaa kwanza tumpe mfasiri haki yake. Kuwapo kwa maelezo ya Kiswahili ndani ya sanduku ni hatua njema; tumezoea kuona mitambo ikiuzwa na maelezo ya Kichina na Kiingereza peke yake. Sentensi zake nyingi ni fupi, na upatanisho wa ngeli haukuvurugwa sana. Kwa hiyo makosa tunayoyazungumzia si ya sarufi. Ni makosa ya kuteua neno. Katika kitabu cha hadithi kosa la namna hiyo humfanya msomaji acheke, bali mbele ya lita kumi za mafuta yanayochemka laweza kumuunguza.

Wala jambo hili si dogo kwa wakati huu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo Serikali ilikuwa imekwisha ziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Mabanda ya chipsi nayo yanahama kutoka karai la mkaa kwenda kwenye mashine ya gesi. Kifaa kimebadilika, na msamiati wa kukitumia kwa usalama hauna budi kubadilika pamoja nacho. Tena wakazi wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa hasara ya moto: usiku wa Julai 10, 2021 waliliona likiungua soko lao kuu, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975.

Tuanze na jina. Kijikaratasi kinakiita kifaa hiki "kikaangio kirefu". Ni dhahiri kwamba mfasiri alikuta katika lugha chanzi neno lenye maana ya kina, akalihamisha kama lilivyo. Lakini mashine yenyewe si ndefu wala haina kina cha kutisha. Kinachotajwa ni namna ya kupika: chakula huzamishwa kabisa katika mafuta, hakipakwi mafuta kidogo chini ya sufuria. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kukaanga, kwa yote mawili, na hata kwa karanga zinazokaangwa pasipo mafuta. Panapohitajika tofauti husemwa "kukaanga kwa mafuta mengi". Mitaani Jangwani kifaa hiki kinaitwa mashine ya chipsi, ijapokuwa hukaanga pia kuku, samaki na mihogo. Jina la mitaani ni finyu kuliko kifaa, lakini liko hai. Maoni yetu ni kwamba maelezo yaandike "mashine ya kukaangia" na mara ya kwanza yaongeze "(mashine ya chipsi)". "Kikaangio kirefu" si kosa la hatari, bali ni ishara ya yatakayofuata. Mfasiri aliyeshindwa kukiona kifaa atashindwa pia kuuona mkono wa anayekitumia.

Hatari ya kweli inaanza katika sehemu ya kuchagua mashine. Kijikaratasi kinasema kwamba mashine "hutumia gesi asilia". Sasa, gesi asilia kwa Mtanzania ni kitu mahususi. Ni ile itokayo Songosongo na Mtwara, iliyoanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Gesi iliyo ndani ya mitungi ya kilo 6, 15 na 38 inayouzwa Kariakoo ni nyingine: ni mchanganyiko wa propani na butani, uliogeuzwa kimiminika kwa kugandamizwa. Watu huiita gesi ya mitungi, na jina hilo linatosha.

Tofauti ya gesi hizi mbili ina uzito jikoni. Tundu la nozeli ya mashine iliyotengenezewa gesi asilia ni kubwa zaidi, kwa kuwa gesi hiyo ina nishati kidogo kwa kila ujazo. Ukipitisha gesi ya mitungi katika tundu hilo, mwali utakuwa mkubwa kupita kiasi, utatoa masizi, na utazalisha hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Aidha, methani ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu, ilhali gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Kama maji ya Msimbazi yanavyolitafuta bonde la Jangwani kila masika, ndivyo gesi ya mitungi iliyovuja inavyotafuta shimo, mfereji na fremu ambayo sakafu yake iko chini ya usawa wa barabara. Anayeambiwa kwamba gesi yake ni "asilia" atafungua dirisha la juu akaridhika, na hali hatari imelala miguuni pake. Kwa neno moja lisilo mahali pake, mnunuzi amepotezwa katika kuchagua, na mpishi amepotezwa katika kujikinga.

Kosa la pili katika sehemu hiyo ni neno "nguvu". Kijikaratasi kinataja "nguvu ya gesi" mara mbili: mara moja kwa kipimo cha kilowati, na mara ya pili kwa kipimo cha milibari. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kilowati hupima kiasi cha nishati kinachotumika kwa muda fulani. Kwa kipimo hicho mnunuzi huweza kukadiria gharama. Mashine ya kilowati 12 inayowaka kwa mwali kamili huchoma takriban kilo moja ya gesi kwa saa, na kwa hiyo mtungi wa kilo 15 utaihudumia saa 16 hivi. Milibari hupima msukumo wa gesi ndani ya mpira. Mashine nyingi ndogo huhitaji milibari zipatazo 30, nacho kifaa kinachokaa mdomoni mwa mtungi, ambacho mafundi hukiita regulata, ndicho kinachoupunguza msukumo mkubwa wa mtungini hadi kufikia kiwango hicho. Aliyeelezwa mambo yote mawili kwa neno "nguvu" atadhani kwamba akitaka mashine yenye nguvu zaidi na atafute regulata yenye nguvu zaidi. Yuko muuza chipsi aliyetuambia hivyo hasa, tena kwa fahari.

Hapa hatuna budi kukiri kwamba lawama si za mfasiri peke yake. Kwa dhana hii ya pili Kiswahili kina maneno matatu yanayoshindana: shuleni husikika kanieneo, hospitalini ni shinikizo, na watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo. Kila moja lina wenyewe. Mfasiri asiyejua ashike lipi amekimbilia "nguvu", neno ambalo halimkosei mtu yeyote wala halimsaidii mtu yeyote. Twapendekeza kwa vifaa vya gesi litumike "mgandamizo wa gesi", kwa kuwa watu hulisikia kila siku redioni, na "nguvu" ibakizwe kwa kilowati.

Tuje kwenye matumizi. Neno linalotutia wasiwasi kuliko mengine ni "mafuta". Katika Kiswahili mafuta ni ya kula, ya taa, ya gari, ya kujipaka, na hata yale yaliyomo katika nyama. Muktadha ndio huyatenganisha, na kwa kawaida hufanya kazi hiyo vizuri. Lakini kijikaratasi kimetumia "mafuta" kwa kile kinachokaangia na pia kwa kile kinachowaka chini yake. Katika ukurasa wa tatu mpishi anaamriwa "kata mafuta kabla ya kusafisha". Lugha chanzi bila shaka ilikusudia kuzuia gesi. Mpishi tuliyemsomea sentensi hiyo alielewa kwamba ayamwage mafuta ya kukaangia, na aliongeza kwa busara kwamba hawezi kuyamwaga yakiwa ya moto. Hakufikiria gesi hata kidogo; na kwa nini afikirie, ikiwa gesi haiitwi mafuta? Kwa jumla ya vitu viwakavyo tunalo neno "nishati" au "kitu cha kuwashia". Hata hivyo katika maelezo ya kifaa hakuna haja ya neno la jumla. Kama kiwakacho ni gesi, na iandikwe gesi.

Sasa tumefika kwenye swali tulilotangulia kulitaja. Kitenzi "funga" kina maana ya kuziba njia, kama kufunga mlango. Kina maana ya kukaza au kuunganisha, kama kufunga mzigo. Na kwa mafundi kina maana ya kusimika kifaa, kama kufunga mashine au kufunga umeme nyumbani. Basi "funga gesi" yaweza kuwa "izuie gesi isipite", na yaweza kuwa "unganisha mtungi na mashine". Amri hizo mbili zapingana kabisa. Kijikaratasi kinazitumia zote kwa kitenzi hicho hicho. Katika ukurasa wa pili kinasema "funga mtungi wa gesi kwa mpira", na katika ukurasa wa nne kinasema "ukisikia harufu funga mtungi". Tulimwomba kijana mmoja anayekaanga chipsi karibu na Barabara ya Msimbazi atuonyeshe angefanya nini kwa amri hiyo ya mwisho. Alichukua spana akaanza kuikaza regulata. Hakuwa mjinga. Alisoma ukurasa wa nne kwa maana aliyofundishwa na ukurasa wa pili.

Dawa yake si kubuni neno jipya. Kiswahili kinayo maneno ya kutosha, ila yamechanganywa. Kuleta mtambo na kuuweka mahali pake ni "kusimika". Kuunganisha mpira na mtungi ni "kuunga". Kuzuia gesi ni "kufunga vali ya mtungi", ambapo kinachotajwa ni vali, yaani kile ambacho mkono hukigeuza, wala si gesi wala mtungi. Kuondoa mwali ni "kuzima". Mfasiri akishika kanuni kwamba kila kitendo kipewe kitenzi chake na kila kitenzi kitaje kitu kinachoshikwa na mkono, utata wote huo utakwisha.

Katika kuwasha mashine, kijikaratasi kinasema "washa taa ya rubani". Wasomaji wetu wengi wameng'amua mara moja yaliyotokea: katika Kiingereza neno la rubani hutumika pia kwa mwali mdogo unaokaa umewaka ili uwashe mwali mkubwa. Kosa hili linachekesha, na lingeishia hapo kama sentensi zinazofuata zingeeleweka. Katika mashine hizi mtumiaji hubonyeza kitasa, huwasha mwali mdogo, kisha huendelea kubonyeza kwa nusu dakika hivi, hadi kipande cha metali kilicho ndani ya mwali kipate joto na kuzalisha umeme kidogo unaoishika vali ibaki wazi. Mwali ukizimika, kipande hupoa, umeme hukoma, na vali hujifunga yenyewe. Kinga hii ni ya thamani kubwa. Anayetafuta "taa" haioni, na asipoelezwa kwa nini anabonyeza huona kifaa kinamsumbua. Wako mafundi wa vichochoroni ambao kwa ombi la mteja hukifungia kitasa kwa waya kisiachie, na hivyo kuiua kinga yenyewe. Sisi twapendekeza "mwali wa kuwashia" na "kilinda mwali". Maelezo yaongeze kwamba mwali ukizimika mtumiaji afunge vali, asubiri dakika 5 huku hewa ikipita, ndipo awashe tena.

Kuhusu joto, mashine nzuri ina vidhibiti viwili. Cha kwanza huyaweka mafuta katika joto lililochaguliwa. Kwa chipsi nyuzi 175 za Selsiasi zatosha. Cha pili hakiguswi na mpishi. Kazi yake ni kuikata gesi iwapo cha kwanza kimeharibika na mafuta yamekaribia nyuzi 230, ambapo mafuta mengi ya kula huanza kutoa moshi. Yakiachwa yapande hadi nyuzi 340 na zaidi, huweza kujiwasha yenyewe pasipo kuguswa na mwali. Na mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi hutoa moshi mapema zaidi. Kijikaratasi kinakiita cha kwanza "kidhibiti cha joto" na cha pili "kidhibiti cha joto la juu". Msomaji wa kawaida ataelewa kwamba cha pili ndicho cha kuongezea moto wateja wanapokuwa wengi. Heri kiitwe "kikata gesi cha dharura", kwa sababu hilo ndilo jina la kazi yake. Na mnunuzi aambiwe wazi kwamba mashine isiyo na kifaa hicho asiinunue hata kama bei yake ni nafuu.

Tumalizie na sentensi tatu za ukurasa wa mwisho, ambazo ni muhimu kuliko zote kwa kuwa husomwa na mtu mwenye hofu. Ya kwanza yasema: "Usitumie maji moto unapotokea." Kisarufi sentensi hii yaweza kutetewa, kwani kiambishi cha kitenzi cha mwisho kinarejea kwenye moto. Lakini sikio husikia "maji moto" kama kitu kimoja, na hitimisho lake ni kwamba maji baridi yanafaa. Hakuna fundisho la hatari kuliko hilo. Maji yakiingia katika mafuta yanayowaka huzama chini, hugeuka mvuke na kutanuka mara 1,700 hivi, yakiyarusha mafuta yenye moto kila upande. Mpangilio ubadilishwe: "Mafuta yakiwaka, usiyamwagie maji ya aina yoyote."

Ya pili yasema: "Chukua mtungi." Mtungi gani? Katika fremu hiyo ipo mitungi miwili: wa gesi na wa kuzimia moto. Neno "kizimamoto" lipo na linafahamika, na litumike. Tena iongezwe kwamba si kila kizimamoto kinafaa. Cha maji hakifai kabisa. Kinachofaa ni kile chenye dawa maalumu ya moto wa mafuta ya kupikia, ambacho Ulaya hutiwa alama ya daraja F na Marekani daraja K. Ya tatu yasema: "Funika moto." Hii ni sahihi, nasi twaisifu, ila haikutaja kwa nini. Laiti ingeandikwa "Funika kwa mfuniko wa chuma au blanketi la kuzimia moto, funga vali ya gesi kama unaweza kuifikia, usiisogeze mashine, kisha piga simu 114", mpishi angekuwa amepata sentensi ya kumwokoa, pamoja na nambari ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ndugu wasomaji, yapo mafunzo mawili katika kijikaratasi hiki. La kwanza ni la wafasiri. Tafsiri ya maelezo ya kifaa haikamiliki mezani. Ikamilishwe mbele ya kifaa, ikisomwa kwa sauti na mtu atakayekitumia, huku mfasiri akiangalia mkono wa msomaji unaelekea wapi. Mkono ukienda pasipotakiwa, neno libadilishwe, hata kama kamusi inaliunga mkono.

La pili ni letu sisi tunaoshughulikia istilahi. Baraza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 vijitabu vya Tafsiri Sanifu vimewapa watumishi wa umma maneno mengi mema ya vyeo, idara na taaluma. Muuza chipsi wa Jangwani hakukumbukwa kwa kiasi hicho. Pengine tulidhani kwamba lugha yake itajitengeneza yenyewe, na kwa hakika imejitengeneza: mashine ya chipsi, mpira wa gesi, regulata na nozeli ni maneno yanayofanya kazi. Kilichokosekana ni mtu wa kuyakusanya, kuyapanga, na kuyafikisha kwa anayefasiri maelezo huko mbali asikojua hata Jangwani ni wapi. Twapendekeza basi orodha fupi ya istilahi za vifaa vya gesi iandaliwe pamoja na Shirika la Viwango na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ibandikwe madukani kabla ya kupangwa maktabani. Walimu wa vyuo vya ufundi nao waifundishe.

Mfanyabiashara aliyetuletea kijikaratasi tulimjibu kwamba aifunge vali ya mtungi na kuuzima mwali. Aliandika maneno hayo kwa kalamu pembezoni mwa ukurasa wa nne, akaondoka nao. Tunadhani tafsiri yake ilikuwa bora kuliko ile iliyochapwa.